Siku Niliyompima Mama Mkwe

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujanisoma, nikukumbushe kwa ufupi.

Mimi ndiye yule wanayemwita Mzani. Nilifukuzwa mnadani, ambako kazi yangu ilikuwa kukadiria uzito wa ng'ombe kwa macho, siku nilipokadiria kwa sauti uzito wa mke wa mwenyekiti. Nilipatia. Hilo ndilo lililoniponza.

Jicho hilohilo likanipatia kazi uwanja wa ndege, kaunta namba tatu. Nawatazama abiria wanavyokuja na kuamua nani aende nyuma ya pazia akapimwe kwenye kiti. Kanuni ya kampuni ni nyepesi: unakaa, mikono ya kiti inashushwa. Ikishuka yote miwili, safari njema. Mmoja ukibaki juu, unanunua kiti cha pili.

Uliniacha nimeinamia kompyuta, nimeita "Anayefuata!", na aliyefuata ni mama mkwe wangu.

Nilikuwa nimefanya kila hila nisikutane naye siku ile. Nilijua anasafiri. Kitinda mimba wake, yaani shemeji yangu, alikuwa anahitimu udaktari saa nane mchana katika mji mwingine, na mama alikuwa amemsomesha kwa cherehani mpaka vidole vikafa ganzi. Ndege ilikuwa hiyo ya saa nne asubuhi. Nyingine ilikuwa kesho yake.

Kwa hiyo nikabadilishana zamu na mwenzangu wa mizigo. Asubuhi meneja akatubadilisha tena. Za mwizi ni arobaini, na mimi nilidhani zangu bado kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndipo hapa unapofanyia kazi? Mbona umekonda? Huyu binti yangu hakupi chakula?"

"Ananipa, mama."

"Nampa," mke wangu alidakia, akilivuta sanduku la mama yake. "Wanakula mchwa."

Nikacheka peke yangu. Hilo la mchwa utalielewa baadaye.

Mama mkwe wangu ni mwanamke wa kujaza mlango. Sisemi kwa dharau, mwenyewe husema: "Mimi nikiingia, nimeingia." Ni fundi wa sare za shule, na tepu ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda kwenye mazishi. Nilipomtazama tu, jicho langu lilishatoa jibu. Nikalilaani.

Maana mkwe hapimwi, msomaji. Mkwe ukipishana naye mlangoni unajibana ukutani. Na mimi kazi yangu ilikuwa kumkalisha, nishike mkono wa kiti pale pembeni ya nyonga yake, nikandamize!

Nikaamua kutenda dhambi ndogo. Nikabonyeza mara mbili, mashine ikatoa pasi mbili za kupandia: kumi na mbili A, kumi na mbili B.

"Mbona mbili? Naenda na nani?"

"Hiyo nyingine ni heshima tu, mama."

"Heshima inakaa kwenye kiti chake?"

Kabla sijajibu nikasikia pumzi kisogoni.

"Mzani."

Alikuwa meneja. Sisi kwa siri tunamwita Mwongozo, kwa sababu ya kitabu cha kanuni anachokibana kwapani hata akienda chooni.

"Kiti cha pili kimelipiwa?"

"Bado, mkuu."

"Abiria amepimwa?"

"Nilitumia jicho, mkuu."

"Ukurasa wa thelathini na moja. Hakuna kiti cha pili bila kupimwa. Jicho linachagua, kiti kinaamua." Akamtazama mama, akanitazama mimi. "Huyu mama ni nani kwako?"

Barua moja ya onyo nilikuwa nayo tayari. Kumpendelea ndugu ni ukurasa wa nne, na adhabu yake ni mlango.

"Abiria," nikasema.

Mke wangu aliachia sanduku likaanguka. Mama mkwe aligeuza shingo polepole, akanitazama kuanzia viatu hadi nywele, kama anayetafuta kitambaa kimeharibikia wapi.

"Abiria yuko tayari," akamwambia meneja. "Mwambie kijana wako anipeleke."

Nyuma yake kwenye foleni alikuwepo dereva wa lori, mtu wa mabega, mteja wetu wa kila mwezi. Akamwinamia mama.

"Usiogope, mama. Mimi nimeshapimwa mara tatu. Nalipia viti viwili, chakula wananiletea kisahani kimoja. Nikiomba cha pili wananiambia kiti hakili."

Tukaenda nyuma ya pazia, meneja akitufuata na kitabu chake. Mke wangu aliambiwa abaki nje.

Pale nyuma kuna vitu viwili tu. Kiti chenyewe, kimefungwa sakafuni kwa bolti nne. Na ukutani juu yake picha yangu ninacheka, chini imeandikwa: MFANYAKAZI BORA.

Hapa ndipo inabidi nikuambie jambo nisilowahi kumwambia hata mke wangu. Hasa mke wangu.

Wiki yangu ya kwanza kazini, saa ya mapumziko, nilijificha nyuma ya pazia lile, nikakaa kwenye kiti, nikatundika miguu juu ya mkono wake nipate usingizi wa dakika kumi. Ya nne haijaisha, nikasikia kwaa! Ubavu wa kushoto umepasuka.

Kiti kile nilikuwa nimekabidhiwa kwa sahihi. Kusema ukweli kungenigharimu aibu ya siku moja, nami nikaona siku moja ni nyingi. Nikaenda nyumbani, nikachomoa ubao wa juu wa kabati letu, kabati alilotupa mama mkwe siku ya harusi. Nikaufunga shuka, nikaukimbiza kwa seremala.

Akaukata vipande viwili. Kimoja akakigongomea ubavu wa kushoto, kwa ndani, kuziba ufa, kingine ubavu wa kulia ili pande zisitofautiane. Akavalisha ngozi ya bluu. Ungesema kimetoka kiwandani.

Nyumbani mke wangu akauliza ubao uko wapi.

"Mchwa wameula," nikasema.

"Ubao mzima?"

"Walikuwa wengi."

Sasa, ubao una unene. Mimi mkadiriaji wa kila kitu, huo sikuukadiria. Kiti kikapungua. Watu waliosafiri nasi miaka bila shida wakaanza kubanwa. Meneja akafurahi: "Jicho lako, Mzani! Kila unayemchagua kiti kinamkataa!"

Mwalimu mkuu mmoja, mama wa watu, alilia pale nyuma ya pazia. Hakutoa sauti. Alifuta macho kwa tiketi yake, akaenda kununua kiti cha pili, na mimi ndiye niliyemshikia mkoba. Nilijua, msomaji. Kufikia wiki ya pili nilijua. Nikanyamaza miezi minne, nao wakanitundika ukutani.

Turudi kwa mama mkwe.

"Karibu ukae, mama." Sikujua nitazame wapi, nikatazama dari.

Akakaa. Kiti kikalalamika.

"Haya, shusha hiyo mikono."

Nikashika wa kushoto, nikakandamiza huku nikiitazama taa. Ukafika nusu. Nikaongeza nguvu.

"Mwanangu, hiyo ni nyonga. Si unga wa kukanda."

"Samahani, mama."

"Haushuki!" meneja akatangaza, akatoa kalamu. "Kiti cha pili. Alipie."

"Ngoja nisimame kwanza, ndiyo tuzungumze," mama akasema.

Hakusimama. Alijaribu tena. Kiti kilikuwa kimemshika kushoto na kulia, na bolti nne ziko sakafuni hazina habari naye.

"Mvute," mama akaniambia.

"Usimguse!" meneja akasema. "Ukurasa wa thelathini na mbili."

"Kitabu chako kinasema nikae humu mpaka nizeeke?"

Sauti hiyo ilitosha. Mke wangu alishika pazia, akalivuta, nalo likaja lote pamoja na fimbo yake. Foleni nzima ikatuona: mama mkwe ndani ya kiti, mimi nimemsimamia na jasho jembamba, na picha yangu ukutani inacheka.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe hakutamani kitu. Alijitengeneza gauni magotini, akawatazama watu kama yuko kibarazani kwake.

"Mimi nimeshona sare miaka thelathini," akasema. "Mtoto mnene akija, sijawahi kumwambia anunue mashati mawili. Nakata kitambaa kikubwa, basi."

"Hapo umenena, mama!" Dereva wa lori.

"Mama, nisikilize na mimi," meneja akajitetea, na kwa mara ya kwanza hakufungua kitabu. "Na yule anayekaa jirani? Mwezi uliopita kuna baba alisafiri nusu ya mwili iko njiani. Kila toroli ya chai ikipita inamgonga goti. Alishuka anachechemea. Naye si mtu?"

"Ni mtu," mama akakubali. "Naye ana haki yake. Ndiyo maana, mwanangu, ukitaka kupima, pima vizuri."

Akaitoa tepu shingoni.

Msomaji, nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kufukuzwa na ng'ombe. Sijawahi kuogopa kitu kama kile kitambaa chembamba cha manjano.

Aliitandaza mbele ya magoti yake, ubavu wa kiti hadi ubavu, akaikaza kwa kidole gumba.

"Kumi na tano. Kitabu chako kinasema inchi ngapi?"

Meneja akafunua. Akalamba kidole, akafunua tena.

"Kumi na saba."

"Basi ama kitabu kimenenepa, ama kiti kimekonda."

Watu wakacheka. Meneja hakucheka. Mama akagonga ubavu wa kiti kwa pete yake. Ko, ko, ko.

"Hii ni mbao. Siku hizi ndege mnatengenezewa na maseremala?"

Akaingiza ukucha kwenye kona ya ngozi ya bluu, pale gundi ilipochoka, akaibandua kidogo. Rangi ya ubao ikachungulia, hudhurungi iliyoiva. Akaacha. Akapitisha kidole juu yake, mara moja, taratibu.

Akaniinulia macho. Pale pale nikajua kwamba amejua. Rangi ile aliipaka kwa mkono wake, siku tatu kabla ya harusi yangu.

Angeweza kusema. Meneja alikuwa hapo, binti yake alikuwa hapo. Badala yake akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ya nyumbani:

"Mwanangu, una la kusema?"

Alinifungulia mlango. Mtu yeyote mwenye akili angepita.

"Hapana, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa, na nikaona amehuzunika. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Kipaza sauti kikakohoa: "Abiria wa ndege ya saa nne, huu ni wito wa mwisho. Mlango unafungwa baada ya dakika kumi."

"Mama!" mke wangu akapiga kelele. "Mtoto atavaa joho peke yake! Mtoeni mama yangu!"

Dereva wa lori hakuuliza ukurasa. Alisogea, akasema, "Samahani mama, geuza uso," akapenyeza vidole nyuma ya ubao wa kushoto, akavuta. Misumari ikalia. Akavuta tena, ubao ukamfuata.

Mama mkwe akashusha pumzi ndefu. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akashika mkono wa kushoto wa kiti akaushusha. Klik. Akashusha wa kulia. Klik.

Kwa kutolewa kipande kimoja tu cha ubao, alikuwa ametosha.

"Mara tatu," dereva alisema taratibu. Alikuwa anaupimapima ule ubao mkononi, naye meneja akarudi nyuma hatua mbili. "Mara tatu nimelipia mbao." Akaugeuza. "Ee, kumbe una maandishi."

Mimi sikujua una maandishi. Naapa.

Akasoma kwa sauti, kama watu wa magari wanavyosoma, neno kwa neno: "'Kwa wanangu wawili. Kitu kikivunjika humu ndani...' Hapa msumeno umepita."

"'Ambianeni,'" mke wangu akamalizia.

Wote wakamgeukia.

"Neno lililobaki ni 'ambianeni'. Mama aliliandika chini ya ubao wa juu. Nilikuwa nalisoma kila nikipanga shuka."

Mimi sijapanga shuka hata siku moja maishani mwangu. Miaka tisa, na sikujua kabati langu linasema nini.

Alikuja mpaka mbele yangu. Hakuinua sauti.

"Uliniambia mchwa."

Hapo sasa hapakubaki pa kujificha. Pazia lenyewe lilikuwa sakafuni.

"Ni mimi," nikasema. Nikamgeukia meneja. "Nilikivunja kiti wiki ya kwanza, nimelala. Nikaziba kwa ubao wa nyumbani. Wote niliowapima toka siku ile nimewapima vibaya. Nilijua, nikanyamaza."

"Na huyu mama?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Uliniambia abiria!"

"Alikuwa anasafiri, mkuu."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikujua kwa nini nimesema.

Meneja alikitazama kitabu chake, akamtazama dereva na ule ubao, akaitazama foleni iliyokuwa imeanza kunung'unika kwa sauti nene. Akakifunga kitabu. Akatangaza kwamba kila aliyelipia kiti cha pili tangu nilipoajiriwa atarudishiwa chake, na kwamba kiti kile hakitakaliwa tena mpaka kiletwe kingine. Kisha akamwinamia mama.

"Mama, tusamehe. Umetosha. Pasi ya pili imeshachapwa, na kiti kipo wazi. Kampuni inakutunuku. Mpe yeyote umtakaye, aje nawe."

Na mimi akaninong'oneza: "Wewe chapa hilo jina, ndiyo kazi yako ya mwisho. Ukimaliza njoo ofisini. Na utungue picha."

Mama mkwe akasimama. Akaivaa tepu yake. Alipofika kwangu alinigusa bega, kitu ambacho mkwe hafanyi.

"Ungeniambia, mwanangu," akasema. "Ningekupa ubao mwingine."

Ningeweza kustahimili kofi. Hilo neno sikulistahimili. Macho yalinijaa nikiwa kazini, mbele ya watu, mimi Mfanyakazi Bora.

Akamkabidhi mke wangu pasi ya pili. "Mdogo wako atafurahi kukuona."

Nilitegemea akatae. Ana kazi, ana nguo kwenye kamba, ana mimi. Alifungua mkoba, akatoa kitambulisho, akakiweka juu ya kaunta yangu, upande wa mteja, kama mtu yeyote.

"Andika jina langu," akasema.

Nikaliandika. Jina la mke wangu mwenyewe, nikakosea herufi mara mbili. Dereva wa lori alikuwa ameshachukua sanduku la mama na anakimbia nalo kuelekea mlangoni, ubao bado kwapani. Kipaza sauti kilisema dakika tatu.

Kompyuta ikaniuliza swali inalomuuliza kila abiria. Sikuwa na sauti nyingine, nikatumia ile ya kazini.

"Kwenda tu, au kwenda na kurudi?"

Mke wangu akachukua kitambulisho chake, akafunga mkoba.

"Weka kwenda," akasema. "Ya kurudi nitakata mchwa wakishiba."